Zabibu Iliyokosea Hesabu, na Mjapani Aliyekataa Kuitupa

Tangu Baraza la Mawaziri liondoe marufuku ya GMO hapa Kenya Oktoba 2022, kuna neno limegeuzwa kuwa tusi: mutanti. Tunda likiwa kubwa kuliko ulivyozoea, ni mutanti. Likikosa mbegu, ni mutanti, na lazima kuna mzungu alilipika kwenye maabara. Sasa leo nawaletea historia ya mutanti wa kweli, zabibu inayoitwa Kyoho, halafu mniambie huyo mzungu wa maabara alikuwa amesimama wapi.

Tuanze na hesabu kidogo, msihepe. Mzabibu wa kawaida una kromosomu 38 kwa kila seli: seti 2 za 19, moja kutoka kwa mama na nyingine kwa baba. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza inanakili kila kitu. Halafu nyuzi nyembamba ndani yake zinavuta nakala, hizi upande huu na zile upande ule, kisha ukuta unajengwa katikati. Unapata seli 2, kila moja na 38 zake. Hii kazi inafanyika kila saa kwenye ncha ya tawi linalokua, na mara chache sana inaharibika: nakala zimeshatengenezwa lakini hazitenganishwi. Unabaki na seli moja yenye kromosomu 76. Na haifi! Inaendelea na maisha kama kawaida, na seli zote zinazotoka kwake zinabeba 76.

Seli yenye kromosomu nyingi hivyo kwa kawaida huwa kubwa. Kwa hivyo siku moja mkulima anapita shambani, anaona tawi moja limezaa zabibu nono kuliko matawi mengine yote ya mzabibu uleule. Anakata kipande, anakipandikiza kwa shina lingine, basi. Hivyo ndivyo Ishihara-wase ilivyopatikana Japani, kutoka kwa Campbell Early, zabibu ya Kimarekani iliyozalishwa Ohio na George W. Campbell. Na Centennial nayo ilitoka kwa Rosaki, zabibu ya zamani ya pande za Uturuki na Ugiriki, kwa njia hiyohiyo ya tawi lililobadilika.

Kuna kitu kuhusu haya matawi kinanifurahisha sana. Ncha ya mzabibu ina tabaka. Tabaka la nje linatengeneza ngozi ya mmea. Tabaka la pili ndilo linatengeneza chavua na mayai. Badiliko likikaa kwa tabaka la nje pekee, mmea unaweza kuonekana tofauti kabisa na bado ukazaa mbegu za kawaida. Angalia Pinot Meunier, moja ya zabibu kuu za shampeni kule Ufaransa. Majani yake machanga ni meupe-meupe, kama yamemwagiwa unga, na "meunier" kwa Kifaransa ni msaga unga. Huo weupe unatoka kwa badiliko lililo kwenye tabaka la nje. Mwaka wa 2002 wanasayansi wa Australia walieleza kwamba walikuza mmea kutoka kwa hilo tabaka peke yake, wakapata mzabibu kibeti. Kwa hivyo ukitaka kuzalisha aina mpya kutoka kwa tawi la ajabu, omba badiliko liwe limefika tabaka la pili. La sivyo unapoteza miaka.

Sasa tuje kwa mwenyewe. Yasushi Oinoue alizaliwa 1892. Hakuwa mtu wa wizara wala profesa mwenye idara kubwa nyuma yake. Alikuwa na kituo chake binafsi cha utafiti huko Izu, mkoa wa Shizuoka, mahali ambapo unaona Mlima Fuji. Mwaka wa 1937 alichukua chavua ya Centennial akaipaka kwenye maua ya Ishihara-wase. Zote mbili zina 76. Mama anatoa nusu, yaani 38, baba anatoa 38, mtoto anapata 76. Angetumia mzabibu wa kawaida upande mmoja, angepata 38 na 19, jumla 57, seti tatu. Seti tatu hazigawanyiki vizuri, kwa hivyo mmea unakuwa karibu tasa. Kama hujawahi kuona seti tatu, kula ndizi. Karibu zote tunazouziwa sokoni zina kromosomu 33, seti 3 za 11, ndiyo maana hujawahi kutema mbegu ya ndizi. Na sijaona mtu akiandamana.

Miche ya Oinoue ilikua wakati Japani ilikuwa vitani, kwanza na China, halafu na Marekani. Vita vilipoisha akawa na zabibu nyeusi, tamu, kubwa ajabu, akaiita Kyoho, "kilele kikubwa", kwa heshima ya Fuji.

Shida ikawa maua. Kutengeneza chavua na mayai kunahitaji mgawanyiko wa aina nyingine, ule wa kukata idadi nusu kwa nusu. Kila kromosomu inatafuta inayofanana nayo, zinashikana, halafu zinaachana. Zikiwa mbili, hiyo ni rahisi. Zikiwa nne, zinaweza kushikana tatu na moja ikabaki peke yake, ikachelewa, ikaachwa nyuma. Chavua moja inaondoka na 37, nyingine na 39, na nyingi hazina maana tena. Ongeza kwamba mzabibu wenyewe una nguvu nyingi na unapenda kukuza majani kuliko matunda. Maua yanaanguka, kichala kinabaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

Oinoue alishikilia kwamba tatizo linaweza kuzuiliwa kwa malezi: usiujaze mzabibu mbolea ya naitrojeni mapema, usiukate matawi kupita kiasi, ulishe kulingana na hatua ya ukuaji. Wakubwa wa kilimo hawakushawishika. Alikufa 1952, na maombi ya kuisajili Kyoho kama aina mpya yalikataliwa miaka ya 1950, kwa sababu ati ni ngumu kukuza. Kwa maoni yangu, wizara haikusema uongo. Zabibu ilikuwa ngumu kweli. Lakini walihukumu mmea kana kwamba mkulima hawezi kujifunza chochote kipya, na hiyo ndiyo dharau ninayoiona hadi leo watu wa ofisini wakiongea kuhusu watu wa shamba. Wakulima wa Tanushimaru, kisiwa cha Kyushu, walichukua hiyo zabibu iliyokataliwa wakajifunza tabia zake hadi ikazaa.

Baadaye msaada ulitoka kwa ugonjwa wa mpunga, amini usiamini. Mwaka wa 1926 Eiichi Kurosawa, akiwa Taiwan, alionyesha kwamba kuvu fulani inatoa kitu kinachofanya mpunga urefuke hadi uanguke. Kitu hicho kikaja kuitwa jiberelini. Ukichovya kichala cha zabibu ndani ya maji yenye jiberelini wakati unaofaa, tunda linashika hata kama mbegu haikuundwa. Yaani ile vurugu ya 37 na 39 inaendelea ndani ya ua, lakini tunda halisubiri tena majibu yake.

Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo lilipohesabu aina za zabibu duniani katika ripoti yake ya 2017, Kyoho ilikuwa ya kwanza kwa eneo: hekta 365,000, mbele ya Cabernet Sauvignon. Sehemu kubwa kabisa iko China. Na huko Japani, msimu wa maua ukifika, bado utapata mkulima ameshika kikombe kidogo cha dawa, anachovya kichala kimoja, anasonga kwa kingine.