Viazi kati ya Misaipresi

Ardhi ya nyanda za juu za Kenya ikishakatwa msitu haikai uchi. Mvua mbili za maana zinatosha. Sangari hupita chini kwa chini na kuunyang'anya mche maji, nyasi ya kikuyu hutanda juu yake, kisha mimea inayotambaa huupanda na kuupinda. Mche wa saipresi uliotoka kitaluni ukiwa na urefu wa sentimita 30 hivi hauna ubavu wa kushindana na jeshi hilo. Ndiyo maana historia ya misitu ya kupandwa ya Kenya, kuanzia Aberdare hadi Mau na kingo za Mlima Kenya, kwa sehemu kubwa ni historia ya palizi: nani ashike jembe, alipwe nini, na aondoke lini.

Yote yalianza na reli. Vichwa vya treni vya Reli ya Uganda viliendeshwa kwa kuni, na misitu ya asili iliyo karibu na njia ilikuwa ikiliwa kwa kasi. Idara ya misitu iliundwa mwaka 1902. Punde maofisa wake wakaanza kupanda miti ya kigeni inayokua haraka: mikaratusi, miwati, kisha misaipresi kutoka Meksiko. Kupanda kwenyewe hakukuwa na tatizo. Kitalu kikiwa tayari, vibarua wachache humaliza hekta kwa muda mfupi. Kilichomeza fedha ni yale yaliyofuata. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja hubeba miche 1,600, na kila mche unataka jembe lipite mara kadhaa kwa mwaka, kwa miaka miwili au mitatu, hadi matawi yakutane na kivuli chake kianze kuyanyonga magugu. Serikali ya kikoloni haikuwa na fedha hizo, wala haikuwa na nia ya kuzitafuta.

Jibu lilipatikana Burma. Huko, Mjerumani Dietrich Brandis, aliyeingia katika utumishi wa Waingereza mwaka 1856, alikuwa amewatazama wakulima wa Kikareni wakifyeka msitu, wakilima mpunga na kisha kuhamia kwingine. Badala ya kuwafukuza, aliwaruhusu walime kwa sharti moja: wapande mitiki katikati ya mpunga wao na kuitunza. Walipohama waliacha nyuma msitu mchanga uliokwisha paliliwa. Mwaka 1864 Brandis akawa mkuu wa misitu wa India nzima, na mbinu hiyo ikasambaa katika makoloni. Kenya iliuchukua mtindo huo yapata mwaka 1910, ukaitwa mfumo wa shamba.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Familia ilipewa kipande cha msitu uliokwisha vunwa au ulioharibika. Ilikata vichaka, ikang'oa visiki ilivyoviweza, ikalima mahindi, maharagwe, njegere na viazi kwa msimu mmoja au zaidi. Kisha miche ya idara ikaja na kupandwa kwa mistari katikati ya mazao. Kuanzia hapo kila palizi ya viazi ilikuwa pia palizi ya mti. Baada ya miaka miwili mitatu, kivuli kilipozidi, familia ilihamishiwa kipande kingine na kuanza upya. Mazao ya kudumu yalikatazwa, kwa sababu yangempa mkulima sababu ya kutong'oka.

Kitaalamu, mpango huu ulikuwa bora kuliko walivyojua walioubuni. Mtu anayepita na panga akikata nyasi kuzunguka mche huona kazi nzuri, lakini mizizi ya nyasi imebaki palepale, na nyasi iliyokatwa huchipua upya na kuendelea kunywa maji. Tume ya Misitu ya Uingereza ilichapisha mwaka 1987 kitabu cha R. J. Davies kuhusu miti na magugu, kikilieleza jambo hilo wazi: kufyeka si kupalilia. Mlima viazi hakuhitaji kitabu. Viazi vinadai udongo utifuliwe na kuinuliwa, sangari ing'olewe na mizizi yake yote, na mche wa saipresi uliosimama jirani hupata faida ileile bila kulipia senti.

Kwa nini watu walikubali kulima ardhi ambayo wangenyang'anywa kila baada ya miaka mitatu? Kwa sababu walikuwa wamekwisha nyang'anywa nyingine. Ardhi nzuri ya milimani ilikuwa imegawiwa walowezi, na hifadhi walizotengewa Waafrika zilijaa. Wengi walioingia msituni walikuwa Wakikuyu wasio na mahali pa kulima. Serikali iliyosababisha ukosefu wa ardhi ndiyo iliyovuna palizi ya bei poa kutokana na ukosefu huo. Mkataba wa baadaye ulimhakikishia mfanyakazi kazi ya miezi tisa kwa mwaka, kipande cha kulima na pahali pa kujenga nyumba. Vijiji vizima vilizaliwa msituni, vikawa na shule, huku wakazi wake wakiwa hawana hata inchi ya ardhi iliyo yao.

Ofisa mmoja wa misitu aliona upande mwingine wa jambo hili. Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1920, aliamini kwamba watu wangeweza kuitunza miti kwa hiari. Tarehe 22 Julai 1922, huko Muguga, akishirikiana na Chifu Josiah Njonjo, baba wa mwanasiasa Charles Njonjo, aliitisha ngoma ya miti. Kwa simulizi yake mwenyewe maelfu ya vijana walihudhuria. Hapo likazaliwa kundi la Watu wa Miti, ambao waliapa kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote walipo. Hilo la pili ndilo gumu, na inavutia kwamba liliingizwa kwenye kiapo tangu siku ya kwanza. Shirika lililotokana na ngoma ile lipo hadi leo nchini Uingereza kwa jina jingine.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wafanyakazi wengi wa Kikuyu waliondolewa katika vijiji vya msituni. Serikali iliogopa kwamba viazi vilivyolea misaipresi vilikuwa pia vikiwalisha wapiganaji wa Mau Mau. Hofu hiyo haikuwa bure.

Baada ya uhuru mfumo ulirudi kwa nguvu zaidi. Misindano na misaipresi ilitakiwa na viwanda vya mbao, na mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza uzalishaji kikitegemea miti ya kupandwa. Ila katikati ya miaka ya 1970 mkataba wa zamani ulivunjwa. Wakazi wa msituni waligeuzwa waajiriwa wa kawaida wa serikali, na kipande cha kulima kikawa kitu cha kulipiwa kodi badala ya kuwa sehemu ya makubaliano. Uzi uliounganisha jembe na mche ukalegea. Aliyelipia ardhi alitaka kuilima muda mrefu iwezekanavyo, na adui wake sasa akawa yule mche, maana ukikua yeye anafukuzwa. Ikawa baadhi ya wakulima wanaikata mizizi ya miche kwa jembe, kimyakimya, au wanaing'oa na kusema imekufa kwa ukame. Huku juu, vipande viligawiwa kwa kujuana, na msitu wa asili usiopaswa kuguswa ukaanza kufyekwa kwa kisingizio cha shamba.

Mwaka 1987 amri ya rais iliupiga mfumo marufuku, na mwaka uliofuata wakazi wakaondolewa msituni. Uamuzi huo ulitibu ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Maeneo yaliyovunwa yalibaki bila kupandwa, na yaliyopandwa yalimezwa na nyasi kwa kuwa idara haikuwa na vibarua wa kutosha. Mfumo ukarudishwa kwa sura nyingine katika miaka ya 1990, safari hii bila makazi msituni, kisha serikali mpya ikaupiga marufuku tena mwaka 2003.

Wangari Maathai, aliyeingia serikalini mwaka huohuo akiwa naibu waziri wa mazingira, alikuwa miongoni mwa wapinzani wake wakubwa. Hoja yake haikuhusu magugu. Alisema vyanzo vya maji vimegeuzwa mashamba ya miti ya kigeni ya biashara, na kwamba msitu wa aina moja ya mti hauwezi kufanya kazi ya msitu wa asili. Alikuwa na haki. Lakini hoja hiyo inahusu mahali pa kupanda na mti wa kupanda. Haijibu nani atapalilia.

Sheria ya Misitu ya 2005 ilileta jaribio lililopo sasa, maarufu kwa ufupisho wake PELIS. Mkulima lazima awe mwanachama wa chama cha jamii cha misitu, analipa ada, anapata kipande kidogo, mara nyingi nusu ekari, hajengi wala halali humo. Rigathi Gachagua alipotangaza Septemba 2022, akiwa naibu rais mpya, kwamba wananchi waruhusiwe kulima msituni, mabishano ya miaka mia moja yalilipuka upya kana kwamba ndiyo kwanza yameanza.

Tanzania ilipita njia inayokaribiana na hiyo bila makelele mengi. Katika shamba la miti la Kilimanjaro Kaskazini, wanakijiji walilima mahindi na maharagwe katikati ya miche kwa makubaliano na idara. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba miche iliyochanganywa na mazao ilinusurika vizuri, wakulima walipata chakula na fedha, na gharama za kuanzisha msitu zilipungua.

Sasa Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kila msimu wa mvua viongozi hupigwa picha wakiwa na koleo mkononi. Msomaji atakayealikwa kwenye siku kama hiyo aulize, kabla ya kushika mche wake, nani amepewa jembe la kuuzungushia duara la mita moja kwa miaka mitatu ijayo, na mkataba wake umeandikwa wapi.