Aliyechimba kaburi alikuwa mtani

Mtu akifia kwao, kazi hujigawa yenyewe: wapo wa kuosha, wapo wa kuchimba, wapo wa kulia. Akifia ugenini, kila moja ya kazi hizo inageuka swali. Katika karne ya 19 swali hilo liliwakabili maelfu ya watu katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kila mpagazi na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani kilo zipatazo 30 na ushei, wakarudi na vitambaa, shanga na waya. Walikata pori kavu la Mgunda Mkali, wakapita Ugogo ambako njia na maji vilidaiwa hongo, wakashuka Uzaramo ambako hawakuwa na shamba, ukoo wala makaburi ya wazee wao. Walihitaji kitu kilicho zaidi ya ukarimu, kwa kuwa ukarimu ni hiari ya mwenyeji, na leo anao, kesho hana. Walihitaji mtu wa kabila jingine ambaye wangeweza kumdai. Jibu lililopatikana lina jina linalojulikana na kila msemaji wa Kiswahili, na pengine tumelizoea mno hata tukaacha kulichunguza: utani.

Siku hizi neno hilo limesinyaa. Kwa Wakenya wengi utani ni mzaha tu. Tanzania bado inaikumbuka maana ya zamani, lakini mara nyingi inaikumbuka uwanjani: Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka uliofuata huitwa watani wa jadi, na kinachokusudiwa ni kuchekana baada ya mechi. Mimi nadai kwamba utani wa makabila ulikuwa taasisi kamili. Ulikuwa mkataba usioandikwa, wenye haki, wajibu na mipaka, na ndani yake watu wasiokuwa na mtawala mmoja wala lugha moja walijifunza kuongozana na kusaidiana. Walikuwa wakiufanya vizazi kadhaa kabla ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954. Historia ya umoja wa Tanzania inayofunguliwa na tarehe hiyo inaanzia katikati ya hadithi.

Mbegu ya mkataba huo ilikuwa nyumbani. Babu humtania mjukuu, mtu humtania shemeji yake, na kila mmoja anajua kwamba maneno hayo yangesemwa na mtu mwingine ingekuwa ugomvi. Waluguru na Wakaguru waliupeleka utani huo hatua mbele, ukawa kati ya ukoo na ukoo. Ubunifu mkubwa ulikuja pale kanuni hiyo ya sebuleni ilipotandazwa hadi kwa wageni kabisa, kabila kwa kabila. Masimulizi ya wazee hutaja njia mbili zilizofikisha watu hapo: safari na vita. Ya safari nimeigusa. Wanyamwezi na Wasukuma kwa upande mmoja na Wazaramo kwa upande wa pili ni watani hadi leo, na mtu anayeijua njia ya kale ya misafara hatashangaa. Ya vita inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini mwa Afrika, wakapigana karibu na kila jamii waliyoikuta. Baadhi yao walifanya makao katika eneo la Songea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipambana vikali na Wahehe, na hakuna upande ulioweza kuumaliza mwingine. Leo Wangoni na Wahehe ni watani. Mtu angeweza kusema ni bahati ya mahali pamoja, lakini tazama tawi jingine la Wangoni hao hao, wale wa Mpezeni walioweka makao mashariki mwa Zambia. Walipigana na Wabemba katika karne hiyo hiyo, na leo Wangoni na Wabemba ni watani mashuhuri nchini Zambia, mbali kabisa na Iringa na Songea. Jamii moja ilisafiri, ikapigana na majirani wawili wasiojuana, na pande zote mbili uhasama ukaishia kwenye mkataba wa namna moja. Hilo si jambo lililoanguka kutoka mbinguni. Baada ya vita visivyokuwa na mshindi, kila upande una wafu wake na madai yake, na hakuna hakimu wa juu wa kuyapokea. Walichofanya ni kuyageuza matusi ya vitani yawe haki ya kila upande, kisha kila haki wakaifungia wajibu. Unaruhusiwa kuniambia babu zako waliwakimbiza babu zangu, nami siruhusiwi kukasirika. Lakini mwanao akipotelea kwetu, mimi ndiye nitakayemlisha.

Wataalamu wa kigeni waliliona jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika kwamba utani ni kutoheshimiana kunakoruhusiwa, njia ya kuwaunganisha watu huku ukikiri kwamba maslahi yao ni tofauti. Mwaka uliofuata R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, akayarudia mambo hayo kwa upana mwaka 1944. Inanivutia kwamba aliyekusanya habari hizo alikuwa mtu wa ndege, tena akiishi Amani. Chini ya milima ile kulikuwa na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba hayo yalikuwa yamekusanya watu kutoka kila pembe ya nchi.

Waliitwa manamba. Katika miaka ya 1950 sekta ya mkonge iliajiri zaidi ya watu 100,000, wengi wao wakiwa wametoka mbali kwa mkataba: Wangoni na Wabena kutoka kusini, Wanyamwezi na Wasukuma kutoka magharibi, Wamakonde na Wamakua kutoka kusini mashariki. Kambini palikuwa na mnyapara, na mnyapara alikuwa mtu wa mwajiri. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imeipanga nchi kinyume kabisa na maisha ya kambi hizo. Tangu sheria ya mwaka 1926 ya Gavana Cameron, kila kabila lilipaswa kuwa na eneo lake, mamlaka yake na baraza lake, kana kwamba Mngoni hawezi kuwa mahali pengine isipokuwa Ungoni. Mngoni aliyekuwa Muheza akifa, mpango huo haukuwa na la kumwambia. Aliyekuwa na la kusema ni mtani.

Hapo ndipo uongozi unapoingia, na ndiyo sehemu ya historia hii ninayoona imepuuzwa kuliko zote. Mtani alipofika msibani hakuja kama mgeni wa rambirambi. Alikuja kushika kazi. Aliosha, alichimba, alipokea na kugawa. Alisimama mbele ya wafiwa akamwigiza marehemu, namna alivyotembea, alivyokuwa bahili, alivyopenda pombe au wanawake, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Aliweza kujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na kilichotolewa kilikuwa kidogo kwa makusudi, maana shabaha ilikuwa kukiri kwamba kazi imefanywa na mtu mwenye haki ya kuifanya. Alimsema hadharani ndugu aliyekuja na mikono mitupu. Mwenyeji hawezi kufanya hivyo. Ndugu wa marehemu ana urithi machoni, ana kinyongo cha zamani, pengine ananong'onezwa kuwa ndiye aliyeroga. Mtani hana shamba la kugombea wala mjane wa kumrithi, kwa hiyo neno lake linaaminika. Mamlaka yake yanatokana na ugeni wake. Sijui mifumo mingi ya uongozi iliyofikiria hivyo: kwamba katika saa ngumu kuliko zote, jamii ikabidhiwe kwa mtu asiye wake, mradi naye siku yake itafika na mtakwenda kumfanyia vivyo hivyo.

Kuna pingamizi la haki hapa. Wengi watasema umoja wa Tanzania ulijengwa na sera: Kiswahili shuleni na serikalini, nguvu za machifu kuondolewa mwaka 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lililoanza mwaka huo huo, vijana kupangiwa shule na kazi mbali na kwao. Nakubali sera hizo zilifanya kazi kubwa, na nakubali pia kwamba ramani ya utani ina mapengo; haikumfunga kila mtu na kila mtu katika nchi yenye makabila zaidi ya 120. Zaidi ya hapo, Mali ina utani wa kale uitwao sanankuya, unaoheshimiwa sana, na haukuvizuia vita vya mwaka 2012. Utani peke yake haushindani na bunduki wala na njaa ya ardhi. Lakini pingamizi hilo linajibu swali ambalo sikuuliza. Sidai kwamba utani ulitosha. Nadai kwamba sera za baada ya uhuru ziliwakuta watu ambao tayari walikuwa na mazoea ya kumkabidhi mtu wa kabila jingine jambo zito. Mwalimu aliyepelekwa kufundisha kijiji cha mbali katika miaka ya 1960 alifika mahali ambapo, mara nyingi, swali la kwanza aliloulizwa ni kabila lake, na jibu lake lingeweza kumpa chakula cha jioni pamoja na dhihaka. Serikali ilimpa barua ya uhamisho. Barua ile haikuwa na uwezo wa kumpa jirani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolitoa mara nyingi ni wanawake. Utani umetumika kama kichaka. Mwanamume anamshika mwanamke asiyetaka kushikwa, kisha anasema ni mtani wake. Mtaalamu Christensen, aliyeandika kuhusu utani wa Waluguru mwaka 1963, alieleza wazi uhuru wa kimapenzi uliokuwa ndani yake, na hakuna sababu ya kuipamba sehemu hiyo. Uhuru huo ulikuwa na walioufurahia na walioulipia, na waliolipia hawakuulizwa. Vilevile dhihaka za makabila zinaweza kuganda zikawa imani: huyu mla mbwa, yule mchawi, yule mwizi. Anayetaka utani urudishwe ulivyokuwa hajafikiri vya kutosha. Hata hivyo tuangalie kasoro iko wapi. Katika mkataba wa asili, dhihaka ilikuwa na bei. Aliyekutukana ndiye aliyekuzika, na wewe ulikuwa na haki ya kumtukana kwa kipimo kile kile. Mtani aliweza kuchukua kuku wako bila kuitwa mwizi kwa sababu nawe kuku wake walikuwa halali yako. Tusi lisilo na wajibu nyuma yake, au linalokwenda upande mmoja tu, halikuwa utani hata kwa wazee. Lilikuwa tusi, na lilijibiwa kama tusi.

Na hicho ndicho kilichotokea polepole. Mkonge uliporomoka, kambi zikapungua, msiba wa mjini ukachukuliwa na kamati yenye mhazini na daftari la michango, ukachukuliwa na ofisi, kanisa, msikiti na chama cha kuzikana. Vyombo hivyo vina faida, na vingine vinachanganya makabila vizuri kuliko utani ulivyowahi kufanya. Lakini vimeuchukua mkono wa mtani vikamwachia mdomo. Dhihaka za makabila zinaendelea, sasa kwenye vichekesho vya runinga na majukwaa ya kampeni, na anayezitoa hadaiwi chochote na anayechekwa. Nchini Kenya, baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na kazi yake mojawapo ni kukabiliana na maneno ya chuki. Sheria inaweza kumkataza mtu kusema. Kumfanya amzike aliyemsema ni jambo lililo nje ya uwezo wa mahakama.

Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu. Ni heshima inayostahili, na ingekuwa vyema nasi tuandike wetu kabla hatujachelewa. Ila nina hofu na namna tutakavyoandika. Tutakusanya vichekesho, maana ndivyo vinavyokumbukwa upesi na ndivyo vinavyopendeza kusomwa. Vijana waliokwenda mkongeni miaka ya 1950 sasa wanaikaribia miaka 90 au wameipita, na ni wachache waliobaki. Cha kuwauliza ni hesabu: nani alimwosha nani, katika kambi ipi, mtani alidai nini kabla ya kutoka kaburini, aliyekuwa na watani watatu msibani, yupi alitangulia kushika jembe, na yule aliyefia kambini asiwe na mtani hata mmoja, walimfanyaje.