Jibini la Masisi: historia ya kazi ya familia katika milima ya baridi

Jibini linalotengenezwa katika milima ya Masisi, mkoani Kivu ya Kaskazini, ni miongoni mwa vyakula vichache vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vinavyotambulika nchi nzima kwa mahali vinakotoka, ingawa mlaji wa Kinshasa amezoea kuliita jibini la Goma, kwa kuwa Goma ndiko lilikokuwa likipakiwa ndegeni. Asili yake hasa ni vilima vya malisho vilivyo nyuma ya mji huo, katika vijiji kama Burungu, kilicho kwenye barabara inayopanda kutoka Sake, ikapita Kilolirwe na kufika Kitshanga katika utawala wa kimila wa Bashali. Huko jibini halitoki katika kiwanda kikubwa chenye mitambo, bali katika vijumba vya mbao vinavyoendeshwa na familia, na historia yake inaonyesha jinsi ufundi ulioletwa na wageni ulivyogeuka kuwa mali ya wenyeji, kisha ukavuka vita vilivyozimaliza taasisi kubwa kuliko vijumba hivyo.

Jambo la kwanza la kueleweka katika historia hiyo ni hali ya hewa. Masisi iko karibu sana na ikweta, lakini vilima vyake vingi vimeinuka kati ya takriban mita 1,500 na zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo kila mtu apandapo mita 100, nchi hiyo ina asubuhi za ukungu na usiku wa baridi ambao mkaaji wa Kisangani au Mombasa haujui. Duniani kote kuna vyakula na vinywaji ambavyo baridi ni sehemu ya malighafi yake: mizabibu ya pwani ya California hupozwa na ukungu wa Bahari ya Pasifiki, na zabibu zake huiva polepole zikahifadhi uchachu unaotakiwa katika divai; Masisi haina bahari, lakini mwinuko wa milima hufanya kazi hiyohiyo kwa nyasi, kwa ng'ombe na kwa maziwa. Mbung'o, yaani inzi anayeeneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo, hastawi katika baridi ya namna hiyo, na ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ulaya, ambao hudhoofika katika joto la bonde la Kongo, hupata huko mazingira yanayowafaa. Udongo nao, ambao sehemu kubwa yake una asili ya volkano, hukuza majani mabichi karibu mwaka mzima kwa sababu mvua hazikatiki kwa muda mrefu. Sura hiyo ya vilima vya kijani vyenye ng'ombe ndiyo iliyowafanya wengi waipe Masisi jina la utani la Uswisi ya Kongo.

Malisho hayo, hata hivyo, hayakuwapo tangu mwanzo, na namna yalivyopatikana ina uzito katika historia nzima ya eneo hili. Zamani sehemu kubwa ya vilima ilikuwa misitu na mashamba ya Wahunde, ambao watawala wao wa kimila ndio waliogawa ardhi. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo ilikuwa kampuni ya upendeleo iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi wa Kizungu, na mashamba ya kahawa, chai na pareto yakaanza kuenea. Mashamba hayo yalihitaji wafanyakazi, na kuanzia mwaka 1937 utawala huo uliwahamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda, iliyokuwa wakati huo chini ya Ubelgiji, ukawapa makazi Gishari na baadaye katika maeneo mengine ya Masisi na jirani zake, mpango uliofungwa mwaka 1955. Kwa njia hiyo katika vilima hivyo walikutana watu wa lugha na desturi tofauti, baadhi yao wenye ujuzi wa miaka mingi wa kufuga ng'ombe na kutengeneza samli na maziwa ya mgando, lakini walikutana juu ya ardhi ambayo wenyeji walihisi kuwa imechukuliwa bila ridhaa yao. Utajiri wa maziwa na mgogoro wa ardhi wa Masisi vilizaliwa katika kipindi kimoja, na hakuna anayeweza kuueleza mmoja kwa haki akiuacha mwingine.

Katika kipindi hichohicho waliingia wamonaki. Mwaka 1954 abasia ya Scourmont ya Ubelgiji ilianzisha tawi lake Kongo, ambalo ndilo lililokuja kujulikana kama monasteri ya Mama Yetu wa Mokoto, kwa jina la maziwa madogo yaliyo magharibi mwa Kitshanga. Scourmont ni abasia ya Watrapisti, shirika la Kikatoliki linalofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali, ambayo inamtaka mmonaki aishi kwa kazi ya mikono yake, na kwa sababu ya kanuni hiyo monasteri nyingi za Ulaya zimekuwa kwa karne nyingi mahali pa kutengenezea vyakula na vinywaji vya kuchachushwa. Wasistersiani, ambao Watrapisti ni tawi lao, walipanda katika karne ya 12 mizabibu maarufu ya Vougeot huko Burgundy nchini Ufaransa; na Scourmont yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1850 karibu na mji wa Chimay ambako zabibu si zao la nchi, ilianza kupika bia mwaka 1862 na kutengeneza jibini mwaka 1876. Wazo linalobebwa na desturi hiyo ni kwamba kila nchi ina kitu chake cha kuhifadhi, na kwamba penye mizabibu hutengenezwa divai, penye shayiri bia, na penye ng'ombe jibini.

Kwa kawaida husimuliwa Masisi kwamba ufundi wa jibini ulienea katika miaka ya 1970 kupitia wamisionari, hasa Wabelgiji, waliowafundisha wafugaji namna ya kuokoa maziwa yaliyokuwa yakiharibika. Muongo huo ulikuwa na sababu zake za kiuchumi za kuupokea ufundi huo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yangehamishiwa mikononi mwa raia wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, hatua iliyoitwa kuzairisha uchumi, na katika Masisi mashamba mengi ya walowezi yaliangukia kwa matajiri na watu wenye uhusiano na watawala. Wamiliki hao wapya waliona kwamba ng'ombe wanahitaji vibarua wachache kuliko chai au pareto, na kwamba bei ya mifugo haipangwi na masoko ya London au Antwerp, hivyo ardhi nyingi ya kilimo ikageuzwa malisho. Maziwa yakawa mengi kuliko yanavyoweza kunywewa vijijini, na barabara za kuyapeleka mjini zikawa mbovu kila mwaka kuliko ule uliotangulia.

Hapo ndipo faida ya jibini inapodhihirika. Maziwa mabichi yasiyopozwa kwa mitambo huchacha ndani ya saa chache, na mvua inapoifanya barabara ya Sake kuwa tope, gari linaweza kukwama kwa muda mrefu kuliko maziwa yanavyoweza kusubiri. Jibini ni maziwa yaliyoondolewa maji: takriban lita 10 hutoa kilo moja, na kilo hiyo inaweza kukaa majuma au hata miezi, ikabebwa kichwani, kwenye pikipiki au juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio inayobeba mizigo mizito ya Goma. Kwa mfugaji wa Burungu, ugumu wa barabara uliokuwa kikwazo kwa muuza maziwa ukawa sababu ya kuwapo kwa mtengeneza jibini.

Ufundi wenyewe ni mwepesi kwa vifaa na mgumu kwa uangalifu. Maziwa ya asubuhi huchujwa kwa kitambaa, hupashwa moto juu ya kuni hadi yawe na uvuguvugu unaokaribia joto la mwili, kisha hutiwa kigandishi, ambacho kwa asili ni kimeng'enya kinachopatikana katika tumbo la ndama anayenyonya. Kimeng'enya hicho huivunja kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, kwa namna inayoifanya ishikamane na kuwa mgando laini. Mgando hukatwa vipande vidogo ili maji yake yatoke, na maji hayo, yenye sukari na madini, hufaa kulishia nguruwe na ndama. Vipande vilivyobaki hujazwa katika vyombo vya duara, hukandamizwa chini ya uzito, hulowekwa katika maji ya chumvi, na mwishowe madonge hupangwa juu ya mbao katika chumba chenye kivuli, ambako hugeuzwa na kufutwa mara kwa mara huku bakteria wa asidi ya laktiki wakiendelea kuyapa ladha. Hatua hii ya mwisho, yaani kuivisha, ndiyo inayoitegemea zaidi baridi ya Masisi, kwa sababu nchi ya joto ingehitaji jokofu na umeme kufanya kazi ambayo hewa ya milimani huifanya bure. Matokeo ni jibini la njano hafifu, lenye ladha ya upole, la ukoo wa Gouda ya Uholanzi, ambalo wanunuzi wa Goma hulijua zaidi kwa jina la Kifaransa la fromaji.

Udogo wa viwanda hivi umekuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chumba kimoja, sufuria, vyombo vya kukandamizia na rafu za mbao vinatosha, na maarifa hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kutoka kwa fundi kwenda kwa kijana anayemsaidia, bila kitabu. Kazi hiyo huunganisha mchungaji anayekamua, mwenye kiwanda anayenunua maziwa, motari, yaani mwendesha pikipiki, anayepakia madonge, mama muuzaji sokoni na mchuuzi anayelisafirisha kwenda miji ya mbali, watu ambao mara nyingi si wa kabila moja wala hawasali katika kanisa moja.

Thamani ya udogo huo ilipimwa katika vita. Mwezi Machi 1993 mauaji yaliyoanzia Ntoto, wilayani Walikale, yalienea hadi Masisi na kuwatenganisha majirani wa miaka mingi. Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, karibu wakimbizi milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma na viunga vyake, wakiwemo askari na wanamgambo wenye silaha, na katika miaka iliyofuata makundi makubwa ya ng'ombe wa Masisi yaliibwa, yakachinjwa au kuvushwa mpaka. Tarehe 12 Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia katika monasteri ya Mokoto walishambuliwa na wengi wakauawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka; walirejea baada ya miaka mingi. Ranchi kubwa zilibaki tupu. Lakini ufundi wa jibini haukuwa umefungiwa ndani ya jengo lolote, na palipopatikana utulivu kidogo, familia zilizorudi na ng'ombe wachache ziliweza kuanza upya kwa lita chache za maziwa, jambo ambalo kiwanda kinachodai maelfu ya lita kwa siku kisingeliweza.

Soko nalo lilipigwa kwa namna yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja uliokuwa mlango wa jibini kwenda Kinshasa. Mwezi Januari 2023 waasi wa M23 waliingia Kitshanga, na katika mwaka huo mapigano yalirudi mara kadhaa kwenye barabara ya Kilolirwe, Burungu na Kitshanga, yakiwafukuza wachungaji kutoka malishoni. Mwishoni mwa Januari 2025 Sake na Goma zilianguka mikononi mwa waasi hao, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, hivyo jibini likatenganishwa na mlaji wake mkubwa wa mji mkuu.

Nchi nyingine zimejifunza kuvilinda kwa sheria vyakula vinavyotegemea mahali. Ufaransa ilitoa ulinzi wa kisheria kwa jina la jibini la Roquefort mwaka 1925, miaka 10 kabla ya kuweka mfumo wake wa kitaifa wa majina ya divai, na barani Afrika pilipili ya Penja na asali ya Oku, zote za Kamerun, zilisajiliwa mwaka 2013 kwa alama ya kijiografia, ambayo ni haki ya wazalishaji wa eneo fulani kulitumia jina la eneo lao na kuwazuia wengine kuliiga. Usajili huo ulifanywa na Shirika la Afrika la Hakimiliki za Ubunifu, OAPI, ambalo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo si mwanachama wake, lakini wazo lake linaifaa Masisi bila shaka, kwa sababu jibini hilo lina kila kinachohitajika: hali ya hewa ya pekee, ufundi unaotambulika na jina ambalo wanunuzi wanalitafuta.

Hata hivyo jina lililosajiliwa haliwezi kumkamua ng'ombe aliyeibwa wala kufungua barabara yenye vizuizi vya watu wenye silaha vinavyotoza kila mzigo unaopita. Ulinzi wa kwanza ambao jibini la Masisi linaudai ni amani katika malisho, njia salama kutoka Burungu hadi sokoni, na suluhisho la haki la ardhi litakalomwezesha mkulima asiye na ng'ombe kuiona faida ya mfugaji jirani yake kuwa yake pia. Ufundi upo, na umeonyesha kwa nusu karne kwamba unaweza kuanza tena kwa sufuria moja. Wajibu wa serikali, wa wenye ranchi na wa viongozi wa jamii za Masisi ni kuhakikisha kwamba kizazi kinachojifunza sasa hakilazimiki kuanza tena kila baada ya miaka michache.