Nane Nane home, na Maji Maji

Wikiendi hii ya Nane Nane niko home tu, hata maonyesho sijaenda. Umeme umekatika, simu haina chaji, basi nikajikuta nasoma Maji Maji.

Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana niliwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba tulishindwa kwa sababu maji hayakuzuia risasi. Nikafuta ubao, kipindi kimeisha. Kumbe niliwapunja! Vita vilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, mapema kabisa, lakini vita vikasambaa kusini hadi 1907. Wajerumani wakaamua kuchoma mashamba na maghala. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa.

Nikamsimulia bibi, mzaliwa wa Kilwa. Akaendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Mama yangu alikuwa hamwagi hata ukoko. Alifundishwa na mama yake." Nikakaa kimya.

Wale watoto sasa wako kidato cha tatu, na mtihani walijibu kama nilivyowafundisha.