Konyo Konyo tulilala na jenereta

Wenzetu, sisi tuliokulia Konyo Konyo tulilala na jenereta. Juba haikuwa na umeme wa kutegemea, kwa hiyo maduka ya sokoni yalinguruma usiku, na sisi nyuma ya mabati tunakoroma tu. Kilichotuamsha ni jenereta ikizimika.

Halafu ikafika Desemba 15, 2013. Usiku ule risasi zilisikika kwa mbali, ndogo kuliko ile ngurumo tuliyoizoea, na nyumba nzima ikaamka. Wakati ule tulidhani ni uoga. Kumbe jambo hili watu walishaanza kulipima zamani.

Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akatangaza habari zake 1929. Miaka ya 1930 tajiri wa Marekani, Alfred Loomis, alilaza watu kwenye maabara yake binafsi huko Tuxedo Park, nyaya zimebandikwa kichwani. (Tajiri kukesha akitazama watu wamelala! Haya.) Akaona sauti ndogo tu inainua wimbi kubwa kwenye karatasi, na mtu mwenyewe wala haamki. Yaani sikio halifungwi jioni kama duka.

Mwaka 1960 Ian Oswald na wenzake, Uingereza, waliwachezea watu waliolala tepu yenye majina ya watu. Jina la mtu mwenyewe liliugusa ubongo wake kuliko majina mengine. Hapo ndipo tulipojiona sisi. Ubongo uliolala bado unachagua: jenereta ya kila siku inaachwa ipite, risasi haiachwi.

Na anayesinzia je? Kule chini, njia ya sauti inafanya kazi karibu vilevile kama akiwa macho, ndiyo maana watoto wachanga hupimwa masikio wakiwa wamelala. Kinachobadilika ni huku juu. Lile wimbi linalotokea kama sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya sauti linafifia kadiri usingizi unavyoingia. Sauti imefika, ila haijapata wa kuipokea vizuri.

Julai 2016 Juba ilipigana tena, siku kadhaa, na sisi tukajifunza kulala kwa zamu. Zamu hiyo wengi wetu tumekuja nayo hadi kambini. Huku usiku ni kimya, hakuna jenereta ya kufunika kitu, basi bati likilia kidogo tu mtu yuko macho hadi alfajiri. Asubuhi darasani mwalimu anamwita mara tatu, hajibu.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjaandika "hasikii vizuri", muulizeni kwanza alilala saa ngapi. Kuna mdogo wetu mmoja alipelekwa kupimwa masikio mara mbili. Mazima yote. Kitanda chake kiko karibu na mlango, na mlango unatazama barabara ya malori.