Kuishi imani mbele ya watu katika nchi isiyo na dini ya serikali

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 1, inasema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi «laïc». Neno hili la Kifaransa linachanganya waamini wengi, maana kanisani tunalitumia kwa mkristo ambaye si mchungaji. Wengine wanafikiri ni serikali inayomkataa Mungu. Sivyo. Maana yake ni kwamba serikali haina dini yake yenyewe. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kuonyesha imani yake, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au kwa siri, kwa ibada, mafundisho na matendo. Lakini aheshimu sheria, utulivu wa watu wote, maadili mema na haki za wengine.

Wazazi wetu waliona mambo mengine. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, majina ya kikristo ya kigeni yalikatazwa. Mwaka 1974 Noeli ilitolewa katika siku za mapumziko, shule za makanisa zikachukuliwa na serikali, na somo la dini likafutwa. Ni mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yaliyorudisha usimamizi wa shule kwa makanisa. Katika miaka ile, Petro na Maria yalikuwa majina ya nyumbani na ya kanisani tu.

Leo hakuna anayetukataza. Jina la Mungu limeandikwa kwenye mabasi, kwenye maduka ya dawa, hata kwenye saluni. Kwa hiyo kulitaja jina la Yesu mjini Lubumbashi hakutugharimu kitu. Gharama iko mahali pengine.

Tuchukue mfano wa Kasomeno, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi, pale ambapo njia ya Kasenga inaachana na ile ya Pweto. Samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru hupita huko kuja mjini, pamoja na mahindi na makaa. Kuna pia mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno mpaka Mwenda, nchini Zambia, na daraja juu ya Luapula. Magari yataongezeka, na pesa za kupita mikononi mwa watu pia. Kwenye barabara ya namna hiyo hakuna anayemuuliza mkristo kama anaamini Utatu. Anaombwa matabishi. Na sokoni, mama anayenunua unga wa bukari anaangalia meka: je, chini yake imegongwa ikaingia ndani, ili ipokee unga kidogo? Mithali 11:1 inasema juu ya meka ile, hata kama muuzaji ni mwimbaji wa kwaya.

Watoza ushuru na askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3:12-14), hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wa kwanza wasidai zaidi ya kiasi kilichowekwa, na wa pili wasimnyang'anye mtu, watosheke na mshahara. Tunajua jibu la ndugu zetu wa ofisini: mshahara wenyewe hautoshi, na mara nyingine haufiki. Ni kweli, na mchungaji anayehubiri sura hiyo bila kukubali hilo hasikilizwi.

Sisi wenyewe tumeanguka hapo. Siku moja tulikuwa tumechelewa kwenda kuzika, tukafika kwenye bariera, tukatoa pesa bila kuomba karatasi yoyote. Gari lilikuwa na maandishi ya kanisa ubavuni.

Watu hupenda dirisha la Danieli, lililo wazi kuelekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Wachache husoma aya ya 4, ambapo adui zake walichunguza kazi yake ya serikali wasipate kosa. Sura inaanza na kazi ndipo inafika kwenye dirisha. Makanisa yetu mengine yameanza na dirisha: vipaza sauti vinalia usiku kucha, na jirani anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini hapati usingizi. Huyo naye kifungu cha 22 kinamlinda.

Lakini tusimwachie mwamini mzigo peke yake. Mama wa samaki akikataa kutoa matabishi, anaweza kuzuiwa mpaka jioni. Samaki wabichi hawangoji. Jumapili tutamsifu mbele ya wote, na Jumatatu atakuwa na deni la mtaji. Wauzaji wa kanisa moja wanaweza kusafiri pamoja na kudai karatasi ya malipo kwa sauti moja, maana kumzuia mmoja ni rahisi kuliko kuzuia kumi. Kanisa linaweza pia kubeba sehemu ya hasara. Sadaka ya ujenzi tunaihesabu kila juma na kuiandika. Katika kitabu kile, mstari wa samaki walioharibika bado haupo.