Chenga kwenye Picha, Mionzi Mwilini

Ukikulia Igowole, kule Mufindi, kikohozi hakikushtui. Asubuhi ni ukungu na baridi ya mashamba ya chai, jioni ni moshi wa kuni jikoni. Ndiyo maana mjomba wangu alikohoa miezi kadhaa kabla ya kukubali kwenda hospitali. Alipoandikiwa CT ya kifua akaniuliza jambo moja tu: "Mjomba, hiyo mionzi haitaniachia ugonjwa mwingine?"

Swali hilo lina historia. CT ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Lakini hesabu zake zilikuwa zimeshaanza kumuumiza kichwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 1956 akiwa hospitalini Cape Town. (Afrika huwa inasahaulika hapa.) Mwaka 1979 wakagawana Nobel.

Sasa shida yenyewe. Unazikumbuka chenga za televisheni ya antena? Picha ya CT nayo ina chenga, kwa sababu inajengwa na chembe za mionzi zilizopenya mwili na kufika upande wa pili. Zikifika chache, picha inachafuka. Ukitaka chenga zipungue nusu, lazima dozi uipandishe mara nne! Mapafu yana bahati lakini: yamejaa hewa, kwa hiyo kauvimbe kadogo kanaonekana kama jiwe ndani ya pamba, chenga ziwepo zisiwepo. Mwaka 1990 David Naidich na wenzake walionyesha huko Marekani kuwa mapafu yanasomeka kwa dozi ndogo sana. Tezi za katikati ya kifua hazina bahati hiyo, zenyewe chenga zinazificha.

Na kwetu? Sheria ya kujikinga na mionzi ilikuja 1983, kisha ya 2003 ikazaa Tume ya Nguvu za Atomiki. Sheria inamwekea mfanyakazi wa mionzi ukomo wa dozi. Mgonjwa hana ukomo, yeye anategemea busara ya aliyeandika kipimo na anayebonyeza vitufe. Mwaka 2006 Ngaile na Msaki walichapisha vipimo vya hospitali nane za Tanzania. Kwa CT ya kifua, titi lilipata wastani wa miligrei 26.1. Mammografia, ambayo ni kipimo cha titi lenyewe, hutoa kama 4 hivi. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kipimo kile kile kilitoa dozi tofauti sana hospitali na hospitali, na sababu kubwa ilikuwa namna mashine zilivyosetiwa, pamoja na aina ya mashine. Yaani sehemu ya dozi ile ingeweza kupunguzwa bila kununua kitu, kwa kuiseti mashine kulingana na mwili wa mgonjwa na kinachotafutwa.

Tangu mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 mashine za CT zimesogea mpaka hospitali za mikoa, kwa hiyo hili si la Muhimbili tu tena. Kwa mzee wa miaka sitini na ushee, hatari ya mionzi ni ndogo kuliko ya kikohozi kisichojulikana. Kwa binti wa miaka 20, piga hesabu upya.

Mjomba alipigwa. Picha ilikuwa na chenga kidogo, na kovu la TB ya zamani lilionekana wazi kabisa. Daktari akamwambia akae mbali na moshi. Jiko bado ni lile lile.